Habari za Eropleni Iliyoanguka Marsabit Katika Juma Takatifu la Mwaka 2006

Msomaji asiyepata kufika kaskazini ya Kenya hana budi kwanza kuufahamu mlima wenyewe, maana pasipo mlima hapana habari hii. Mtu atokaye Isiolo kwenda kaskazini husafiri katika nchi tambarare, kavu, yenye mawe meusi na miti ya miiba, hata macho yakachoka kwa kutazama. Kisha, mbali sana mbele yake, huona kitu kama kivuli cha rangi ya samawati, na juu yake wingu jeupe limelala mfano wa kilemba. Huo ndio Marsabit. Urefu wake wapita mita 1,700 juu ya bahari, nao umezungukwa na nchi ya ukame pande zote. Upande wa kaskazini-magharibi liko jangwa la Chalbi, lenye uwanda wa chumvi ambao sehemu kubwa ya mwaka haupati tone la maji. Mlima ulifanyika zamani kwa moto wa chini ya ardhi, na mashimo ya moto huo yangaliko hata leo. Wenyeji huyaita gof, na mengine yana ziwa ndani yake.

Katika mlima huu hapana mto utiririkao mwaka wote. Basi maji yatoka wapi? Yatoka katika wingu lile. Pepo zivumazo kutoka Bahari ya Hindi hupita juu ya tambarare kwa mamia ya kilomita pasipo kuangusha kitu, hata zikutane na Marsabit. Hapo hulazimika kupanda. Hewa ipandapo hupoa, na unyevu uliomo ndani yake hugeuka kuwa ukungu, ukaufunika msitu tangu usiku hata jua la asubuhi lipande sana. Miti ya huko yaning'inia ndevu za kijani kila tawi. Ukungu hushikwa na ndevu hizo na majani, ukadondoka tone kwa tone, ukazama ardhini, kisha ukaonekana tena visimani chini ya mlima. Visima vingine ni virefu hata watu husimama mmoja juu ya mwenziwe na kupokezana ndoo, huku wakiimba ili mikono yao iende pamoja. Ndovu pia waliupenda msitu huo. Mmoja wao, jina lake Ahmed, aliyekuwa na pembe ndefu ajabu, aliwekwa chini ya ulinzi wa Serikali kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta mwaka wa 1970, akafa kwa uzee mwaka wa 1974. Mfano wake wasimama katika nyumba ya makumbusho ya Nairobi, na walimu wapelekao watoto huko wamekwisha kumwona.

Twaeleza haya kwa kirefu kwa sababu ukungu ule ule unaowapa watu wa Marsabit maji ya kunywa ndio uliowanyang'anya viongozi wao kwa siku moja.

Sasa tuseme habari za watu. Wagabra ni wafugaji wa ngamia, na makao yao ni pande za Chalbi na North Horr mpaka karibu na Ethiopia. Waborana ni watu wa ng'ombe, nao wakaa Moyale na Marsabit, na wengi zaidi ng'ambo ya mpaka. Warendile, wafugaji wa ngamia nao, wako upande wa kusini, katika nchi ya Laisamis. Wako na wengine pia, kama Waburji, ambao ni wakulima. Wagabra na Waborana husema lugha moja, wakaelewana pasipo mkalimani. Nayo salamu yao huuliza habari za nagaa, maana yake amani. Hata hivyo twajua kwamba watu kusemezana kwa lugha moja hakuwazuii kugombana, hasa ikiwa kisima ni kimoja na mifugo ni mingi.

Magomvi ya visima na malisho yalikuwako tangu kale, na wazee walikuwa na desturi zao za kuyamaliza. Lakini katika miaka ya baadaye bunduki ziliingia kwa wingi kupitia mpakani, na mambo ya uchaguzi na mipaka ya wilaya yakaongezwa juu ya yale ya maji. Hata ikafika alfajiri ya tarehe 12 Julai, mwaka wa 2005. Siku hiyo watu wenye silaha waliingia Turbi, kijiji cha Wagabra kilicho katika njia ya Marsabit kwenda Moyale. Waliua wanaume na wanawake, na wengi wa waliouawa walikuwa watoto wa shule. Watu zaidi ya 50 walikufa, na watoto katika hao walipita 20. Siku hiyo hiyo, huko Bubisa, wasafiri wa Kiborana waliteremshwa kwa nguvu katika gari la padre mmoja wa Kikatoliki wakauawa kwa kisasi, wakiwamo watoto pia. Hatutaandika zaidi juu ya siku hiyo. Walimu wataelewa kwa nini: shule ni mahali ambapo mzazi humwacha mtoto bila kugeuka nyuma kutazama.

Baada ya Turbi nchi ya kaskazini ilijaa hofu. Watu waliokuwa wakinunua na kuuza sokoni pamoja waliogopana, na kila upande uliwatazama viongozi wake uone watasema nini. Wagabra walimtazama Dkt. Bonaya Godana, mbunge wa North Horr. Waborana waliwatazama Guracha Galgallo, mbunge wa Moyale, na Abdi Sasura, mbunge wa Saku, ndiyo nchi ya mlima wenyewe. Warendile walikuwa na Titus Ngoyoni wa Laisamis. Hao wanne, wakiwekwa pamoja, ndio waliokuwa sauti ya nchi ile yote katika Bunge.

Juu ya hofu likaja janga lingine. Mvua za mwaka wa 2005 hazikutosha. Ng'ombe walikufa kwa maelfu, na ngamia pia, ambao si wepesi wa kufa. Mwaka mpya wa 2006 ulipoingia, Rais Mwai Kibaki alitangaza kwamba ukame ule ni msiba wa taifa zima. Mtu yeyote aliyeijua nchi ile aliona hatari iliyokuwa ikija: majani yakipungua, makundi ya mifugo husogezwa mpaka kwenye maji ya wengine, na damu iliyomwagika mwaka uliopita ilikuwa haijakauka. Ndipo ikaamriwa kwamba viongozi waende Marsabit, wakae pamoja na wazee, watafute amani.

Safari iliwekwa siku ya Jumatatu tarehe 10 Aprili. Jana yake ilikuwa Jumapili ya Mitende, na makanisa yote yalikuwa yameanza Juma Takatifu.

Walioingia katika eropleni ile Nairobi walikuwa watu 17 pamoja na warubani. Wale wabunge wanne tuliowataja walikuwamo wote. Alikuwamo pia Mirugi Kariuki, mbunge wa Nakuru Mjini, aliyekuwa waziri msaidizi katika mambo ya usalama wa nchi. Huyu alikuwa mwanasheria, na katika miaka ya themanini na tisini alipata kufungwa kwa ajili ya siasa. Mwaka wa 1990 alishtakiwa kwa uhaini, akaachiliwa mwaka wa 1993. Mtu aliyewahi kukaa gerezani kwa ajili ya serikali alikuwa sasa akitumwa na serikali kwenda kupatanisha. Tena alikuwamo Abdullahi Adan, mjumbe katika Bunge la Afrika Mashariki, na maofisa wa serikali.

Na alikuwamo askofu. William Waqo alikuwa askofu msaidizi wa Kanisa la Anglikana katika Dayosisi ya Kirinyaga. Msomaji ataona ajabu, kwa maana Kirinyaga iko kusini ya Mlima Kenya, penye mashamba ya mpunga na chai, na Marsabit iko mbali sana jangwani. Lakini wakati ule makanisa ya Marsabit yalikuwa chini ya dayosisi hiyo, na Askofu Waqo ndiye aliyekuwa na kazi ya kuyachunga. Katika wiki ile askofu huwa na ibada nyingi za kuongoza, na Wakristo wake humngojea. Yeye alipanda pamoja na wanasiasa ili akae katika baraza la amani, na sisi twaona kwamba hakuacha kazi yake kwa kufanya hivyo.

Juu ya Dkt. Godana yatupasa kusema neno moja zaidi. Alizaliwa mwaka wa 1952 katika nchi ya wafugaji kaskazini, akasoma sheria, akaenda mpaka Geneva huko Uswisi akapata shahada ya udaktari. Tangu mwaka wa 1998 hata 2001 alikuwa waziri wa mambo ya nchi za nje. Watu wengi wayajua hayo. Yasiyojulikana sana ni kwamba mwaka wa 1985 alitoa kitabu kikubwa cha sheria, na habari yake ni mito ya Afrika inayopita katika nchi nyingi, ndiyo Nile, Niger na Senegal: jinsi mataifa yanavyoweza kuyagawana maji pasipo vita. Mtoto wa jangwani aliandika juu ya mito! Alikuwa ameyasoma magomvi ya maji ya mataifa makubwa kabla ya kuitwa kutuliza magomvi ya visima vya nyumbani kwake, na magomvi hayo ya nyumbani, kama tunavyoona, yalikuwa magumu zaidi.

Labda mwingine atauliza, kwa nini wasiende kwa gari? Lami ya siku zile ilikoma Isiolo. Kutoka hapo mpaka Marsabit ilikuwa njia ya mawe na vumbi, kilomita zaidi ya 250, yenye kuvunja magari, na wanyang'anyi walikuwa hawakosi njiani. Malori yalipita kwa msafara. Kwa eropleni safari ya kutoka Nairobi ni ya saa moja na zaidi kidogo. Eropleni waliyopewa ilikuwa ya Jeshi la Anga la Kenya, ya aina ya Y-12, iliyotengenezwa Harbin nchini China. Ni chombo kidogo chenye injini mbili na viti 17 vya abiria, kilichofanywa kwa ajili ya viwanja vifupi vya udongo kama vile vya kaskazini.

Walisafiri vema mpaka kuufikia mlima. Na mlima ulikuwa umefunikwa. Mvua za masika, zile ambazo watu na makanisa na misikiti walikuwa wakiziomba tangu mwaka uliopita, zilikuwa zimeanza. Ukungu na mvua vilikishika kiwanja na vilima vinavyokizunguka. Eropleni ilipokuwa ikitafuta kutua, iligonga kilima karibu na mji. Watu 14 walikufa, na watatu wakatolewa wakiwa hai. Wabunge wote watano walikufa, na mjumbe wa Afrika Mashariki, na Askofu Waqo. Wazee waliokuwa wakiwangojea kwa ajili ya baraza walipokea maiti.

Tumeona kwamba kila mara chombo kiangukapo na watu wakubwa, maneno huwa mengi, na wengine hutafuta mkono wa adui au laana. Sisi twawasihi walimu wawaeleze wanafunzi wao jinsi ukungu unavyofanya kazi, maana mambo haya yafahamika vema, na asiyeyajua huamini lolote aambiwalo.

Mtu aliye chini hujua juu ni wapi kwa macho yake, kwa uzito wa mwili wake, na kwa maji kidogo yaliyomo ndani ya sikio. Rubani akiingia katika wingu, macho hayamsaidii tena. Dunia yote huwa nyeupe. Nayo masikio humdanganya: eropleni ikigeuka polepole, maji ya sikioni hutulia, akadhani yuaenda sawasawa, kumbe anapinda. Kwa hiyo marubani hufundishwa kuyakataa maneno ya mwili wao wenyewe na kuviamini vipimo vilivyo mbele yao. Lakini kipimo nacho kina mpaka wake. Kile cha urefu hupima uzito wa hewa, na kwa huo humwambia rubani yuko mita ngapi juu ya bahari. Hakimwambii kilima kilicho mbele yake kina mita ngapi. Katika tambarare upungufu huo si kitu. Penye mlima unaoinuka peke yake katikati ya jangwa, na kiwanja kimewekwa juu ya mabega ya mlima huo huo, upungufu huo ndio uhai au mauti.

Na muda wenyewe ni mfupi. Tuwape wanafunzi hesabu hii. Eropleni ndogo ikaribiapo kutua huenda mita kama 45 kwa kila sekunde moja. Ikiwa ukungu wamruhusu rubani kuona mita 200 mbele, basi tangu aone kilima hata kukifikia hana sekunde tano. Katika sekunde hizo lazima aone, afahamu, avute usukani, na chombo chenyewe kitii na kuanza kupanda. Katika viwanja vikubwa kama kile cha Nairobi kuna mitambo ya redio inayomshika rubani mkono, kana kwamba yuko kipofu, ikamleta mpaka mwanzo wa njia ya kutulia. Kiwanja kidogo cha mlimani kama Marsabit hakikuwa na mitambo hiyo. Huko rubani alipaswa kuona ardhi kwa macho yake, au kurudi alikotoka.

Wala Marsabit si mahali pa pekee. Tarehe 19 Julai mwaka wa 2003, eropleni iliyokodiwa kuwachukua watalii Waamerika 12, pamoja na marubani wawili kutoka Afrika Kusini, iliondoka Nairobi kwenda mbuga ya Samburu. Ilijipiga katika Mlima Kenya, karibu na kilele cha Lenana chenye mita 4,985, ikaua wote 14. Wengi wao walikuwa wa ukoo mmoja, wazee na watoto waliokuja kutembea pamoja. Tena tarehe 5 Juni mwaka wa 2018 eropleni ndogo iliyotoka Kitale kwenda Nairobi ilipotea katika mawingu ya milima ya Aberdare ikiwa na watu 10. Ilitafutwa siku mbili kwa sababu ukungu ule ule ulioiangusha uliwazuia waliokwenda kuitafuta, na ilipopatikana hapakuwa na aliyepona. Milima hii yote mitatu ni chemchemi ya maji kwa nchi inayoizunguka, na yote ina kilemba cha wingu. Kila aipitaye angani hupita katika nyumba ya mvua.

Turudi kwa wafu wetu. Mazishi yalikuwa mengi, na yalifanywa mbalimbali, kila mtu kwa watu wake na kwa dini yake, maana katika eropleni ile walikuwamo Wakristo na Waislamu. Bendera ziliteremshwa nusu mlingoti. Rais na wakuu wa vyama vilivyoshindana walisimama pamoja makaburini. Lakini jambo kubwa, kwa maoni yetu, lilikuwa hili: katika miezi tisa iliyopita Mgabra alipotaja msiba alimaanisha msiba wa Wagabra, na Mborana alimaanisha wa Waborana. Sasa kulikuwa na msiba mmoja ambao hakuna upande ulioweza kuudai peke yake, wala kumlaumu mwingine kwa ajili yake. Viongozi waliotazamwa kama wapinzani walikufa wakiwa wamekaa viti vya karibu karibu, wakienda mahali pamoja kwa shauri moja.

Tena nchi yote ilibaki bila sauti. North Horr, Saku, Laisamis na Moyale ndiyo majimbo manne ya uchaguzi ambayo tangu mwaka wa 2013 yamefanywa kuwa Kaunti ya Marsabit. Kwa ajali moja, katika dakika moja, majimbo yote manne yalipoteza wabunge wao. Hatukumbuki msiba mwingine uliolinyang'anya eneo zima namna hiyo. Mwezi wa Julai mwaka ule ule uchaguzi mdogo ulifanywa. Huko Laisamis walimchagua Joseph Lekuton, aliyekuwa mwalimu wa shule huko Marekani. North Horr walimchagua Ukur Yatani. Na Nakuru walimpa mwana wa marehemu Mirugi Kariuki kiti cha baba yake.

Lakini amani yenyewe haikuletwa na uchaguzi, wala haikuletwa mara moja. Ilikuwa kazi ya wazee, ya wanawake, ya watu wa makanisa na misikiti, waliokwenda kijiji kwa kijiji, wakavuka mpaka wa Ethiopia na kurudi, wakasikia matusi na kuyameza. Hata katika mwaka wa 2009 Wagabra na Waborana wakakutana Maikona, kando ya Chalbi, na Walda, upande wa Moyale, wakaweka mapatano ambayo mpaka leo hutajwa kwa majina ya vijiji hivyo viwili. Waliandika malipo ya muuaji, malipo ya mwizi wa mifugo, na adhabu ya mwenye kuchochea watu. Tena wakaafikiana juu ya maji na malisho, nani aingie wapi, na aombe ruhusa kwa nani. Serikali ilikuwako, lakini maneno yalikuwa ya wazee wenyewe, katika lugha yao wenyewe.

Hatusemi kwamba tangu hapo hapakuwa na damu. Mwaka wa 2013 watu walipigana tena Moyale, na maelfu wakakimbilia Ethiopia. Mwezi wa Mei mwaka wa 2022 Serikali ililazimika kuwakataza watu wa Marsabit kutembea usiku kwa sababu ya mauaji yaliyokuwa yakizidi. Mwenye kusema kwamba watu 14 walikufa na matokeo yake yakawa amani ya milele huko Marsabit, huyo hasemi kweli, na anawakosea waliokufa kwa kuwafanya kuwa bei ya kitu kisichonunulika hivyo. Twasema tu kwamba shauri walilokwenda kulifanya siku ile halikufa pamoja nao. Lilifanywa na wengine, polepole, nalo bado lafanywa.

Makanisa aliyoyachunga Askofu Waqo hayakubaki bila mchungaji. Mwaka wa 2011 Marsabit ilitengwa na Kirinyaga ikawa dayosisi yenyewe, na askofu wake akakaa huko huko mlimani badala ya kusafiri kutoka mbali. Na njia ile ya mawe iliyowafanya viongozi wapande eropleni imekwisha kutiwa lami, kipande baada ya kipande: kutoka Isiolo mpaka Merille, kutoka Merille mpaka Marsabit, kutoka Marsabit mpaka Turbi, na kutoka Turbi mpaka Moyale. Sasa basi liondokalo Nairobi usiku hufika Marsabit asubuhi. Likianza kupanda mlima dereva huwasha taa zote, akapunguza mwendo, na abiria walioamka hupangusa madirisha kwa viganja vyao wapate kuona walipo.